Badraga ya Malik Lawang

Peshawar, 9 Novemba 2021

Kwa Binti Torpekai, mkunga, Quetta.

Salaam.

Hunijui. Jina langu ni Fazli Wadud, mwalimu mstaafu wa lugha, na nina miaka themanini na moja. Kwa miaka ishirini nimeficha kwamba mimi ndiye niliyekuwa mkalimani siku baba yako, Malik Lawang, alipokaa na ujumbe wa Wamarekani katika nyumba yenu ya kukaushia zabibu. Nimeficha pia kwamba nilitafsiri vibaya. Baba yako hakukataa. Alikubali, na mimi nikawaambia kwamba amekataa. Siku tatu baadaye ndege zilikuja kupiga kijiji chenu cha Spinkhwar.

Nimeandika haya juu kabisa ya karatasi ili ukitaka kuichana uichane ukijua unachana nini.

Nimekupata kwa bahati. Mwanafunzi wangu wa zamani anafundisha Quetta, na mwaka huu mke wake alijifungua mikononi mwako. Alinipigia simu kunipa habari za mtoto, akataja kwamba mkunga ni mtu wa Spinkhwar, binti wa yule malik, mkuu wa bonde lile, aliyekufa na wageni wake. Aliendelea kuzungumza, mimi sikusikia tena.

Figo zangu zimekufa. Mara mbili kwa wiki nafungwa kwenye mashine inayonisafisha damu, na daktari, kijana mwenye adabu, ameacha kunitajia miezi. Vita vya Wamarekani huko kwenu vimekwisha mwezi wa Agosti, na kila mtu anaandika kitabu kueleza vilianzaje. Mimi najua kipande kimoja tu cha mwanzo wake, na kipande hicho ni chako.

Sikuombi kitu. Nijibu, au usinijibu.

Fazli Wadud


Quetta, 20 Novemba 2021

Ustadh Wadud,

Barua yako imefika na stempu tatu, kana kwamba moja isingeweza kuubeba mzigo wake. Nimeisoma kliniki, kati ya mama mmoja na mwingine. Nikaikunja, nikaenda kumzalisha mwanamke mapacha, nikarudi, nikaisoma tena. Ilikuwa bado inasema vilevile.

Sasa nisikilize na mimi. Siku ile walikufa watu kumi na tisa. Saba walikuwa wale wageni. Kumi na wawili walikuwa wetu: baba, kaka zangu Nangyal na Esa, bibi yangu, shangazi na watoto wake, na majirani waliokimbilia ndani badala ya nje. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilipona kwa sababu nilikuwa na mama kwenye tanuri la mkate, upande wa pili wa boma.

Mama yuko hai. Anaitwa Bakhtawara, utamwandika kwa jina lake, usiandike "mjane." Tangu siku ile hajawahi kumwita baba "baba yenu." Unajua mwanamke wa kwetu hamtaji mumewe kwa jina, kwa hiyo lazima amtafutie jina lingine, na yeye alimpa hili: Mwenye Wageni. "Mwenye Wageni alipenda chai nzito." "Hiyo ni sahani ya Mwenye Wageni, iweke kando." Kwa miaka ishirini, Ustadh. Anaamini kwamba mume wake aliambiwa achague kati ya wanawe na watu saba asiowajua hata majina, na akachagua saba. Sisi sote tumeamini hivyo. Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezalisha watoto wa nusu ya mji huu, na katika yote hayo nilikuwa mtoto ambaye baba yake hakumchagua.

Na leo wewe unakuja na stempu tatu.

Sitaki huzuni yako, iweke huko Peshawar. Niletee maneno yake. Alisema nini, neno kwa neno, na wewe ukasema nini. Nikisharidhika kwamba hujazeeka akili, nitaamua kama mama asikie.

Torpekai


Peshawar, 28 Novemba 2021

Binti yangu Torpekai (kama neno hilo linakuudhi, likate),

Akili yangu ndiyo kiungo pekee ambacho madaktari hawajakilalamikia. Haya ndiyo maneno yake.

Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na nne Oktoba. Ndege zilikuwa zimeanza kupiga miji mikubwa wiki moja kabla, lakini mabonde yenu yalikuwa bado. Kulikuwa na orodha ya mabonde. Wakubwa walitaka kwanza wajue ni malik yupi atawatoa wapiganaji wa kigeni na yupi hatawatoa, ili wajue wapi pa kutuma mjumbe na wapi pa kutuma ndege. Tulikuwa watu watatu: kanali wa kwetu, mwanadiplomasia kijana wa Kimarekani mwenye nywele nyekundu aliyeitwa Bwana Harlan, na mimi. Vijana wa baba yako walitupokea kwenye kijito, pale ardhi yenu inapoanzia, wakatupeleka hadi nyumba ya zabibu. Unaikumbuka: kuta za udongo zenye matundu membamba, mwanga unaingia vipande vipande.

Baba yako alisimama mlangoni. Kanali wetu alikuwa mfupi mwenye sharubu kubwa mno.

"Karibu, Kanali," akasema baba yako. "Sharubu zako ziliingia kwanza. Nilidhani mko wanne."

Kanali hakucheka. Harlan aliniuliza kasemaje, nikamtafsiria, naye akacheka hadi akakohoa, na baba yako akampenda tangu hapo. Tulipokaa chini, Harlan hakujua aiweke wapi miguu yake.

"Mpeni mto huyu mtoto wa watu," akasema baba yako. "Miguu yake imekufa kabla ya vita."

Chai ikaja, na zabibu, na lozi. Kisha Harlan akasema alichotumwa kusema: wageni wako saba tunawajua, tunawataka, walete au tuachie njia tuje kuwachukua.

Baba yako akanigeukia. "Ustadh, muulize huyu, kwao mgeni anapimwa kilo kabla hajapewa chai?"

Nikauliza. Harlan akafikiri, akajibu, "Kwetu mgeni hasaidii watu wanaochoma nyumba za wengine." Nikatafsiri. Watu wa baba yako wakashika bunduki zao vizuri zaidi. Lakini yeye akawatikisia kichwa.

"Amejibu vizuri. Huyu amelelewa." Akanywa chai. "Mwambie sikuwaita. Walikuja wakati wa theluji, mmoja wao akitoka damu, wakasimama mlangoni. Mwambie kwamba mtu aliyekula chumvi yangu siwezi kumfunga kamba na kumtupa ndani ya gari. Nikifanya hivyo, hakuna mtu wa bonde hili atakayekubali kuoa kwangu wala kunizika."

Nikatafsiri yote hayo, na niliyatafsiri vizuri.

Kisha akaweka kikombe chini. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye Mpashto pekee niliyekuwa upande ule. Akasema:

"Wageni wangu nitawapa badraga. Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Mpaka kwenye kijito."

Wewe huhitaji kuelezwa, lakini nitaliandika neno hilo ili uone kwamba sasa nalielewa. Badraga ni kumsindikiza mgeni kwa silaha zako, hatua kwa hatua, mpaka ardhi yako inapoishia. Hapo unageuka nyuma. Hatua moja mbele ya hapo yeye si mgeni wako tena, na yatakayompata si aibu yako. Baba yako alikuwa anatuambia siku, saa na mahali. Alikuwa anasema: wasubirini ng'ambo ya kijito. Asingeweza kulisema wazi zaidi ya hapo mbele ya watu wake na kubaki mtu.

Nami nikasema: "Kuanzia Alhamisi atawawekea wageni wake ulinzi wa silaha, mpaka kwenye kijito."

Kanali akauliza, "Kwa hiyo anakataa?"

Nikajibu, "Anakataa kwa adabu."

Harlan akaandika kwenye daftari. Baba yako alimwona anaandika, akadhani ameandika Alhamisi. Akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Waliwapiga Jumatano.

Fazli Wadud


Quetta, 15 Desemba 2021

Ustadh,

Nilikaa na barua yako siku sita. Siku ya saba nikamsomea mama.

Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye sharubu za kanali mkono wake ulisimama. Akasema, "Huyo ni yeye. Hilo ni la kwake." Nikaendelea. Nilipofika kwenye neno lenyewe, aliinuka, mchele wote ukamwagika, akatoka nje uani bila viatu. Desemba ya Quetta, Ustadh, maji ya ndoo yalikuwa yameganda. Nikamfuata.

"Soma tena siku," akaniambia.

"Alhamisi, mama."

"Na mikate niliambiwa iwe tayari Jumatano."

Sasa nikuambie kuhusu mikate, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui. Jumatatu baba alimwambia mama aoke mikate ya safari, ile migumu inayookwa juu ya jiwe tanurini, ya watu wengi, ya siku nyingi. Hakumwambia ni ya nani. Unajua wanaume wa kwetu, wanadhani wakitoa amri wametoa maelezo. Mama alimuuliza, "Unasafiri?" Akamjibu, "Oka tu, mwanamke, kabla sijazeeka." Alikuwa na utani wa namna hiyo. Mama akahesabu mikate, akaona ni ya watu saba na wa kuwasindikiza. Akaamini kwamba baba anaondoka nao, anakwenda milimani na wageni wake, anatuacha sisi tupigwe. Alioka kwa hasira. Siku mbili aliukanda ule unga kama anampiga mtu. Jumatano asubuhi alikuwa anaoka ya mwisho, mimi nikimpelekea kuni, ndiyo maana tuko hai. Na kwa miaka ishirini alikuwa anajua kwamba mkate uliomwokoa ulikuwa ni mkate wa kuachwa.

Sasa anajua ulikuwa mkate wa kuwaaga.

Hakulia. Aliniambia tu, "Leta fagio, mchele umeharibika." Lakini jioni, wakati wa kula, alisukuma sahani kwa mwanangu akasema, "Babu yako angekupiga kofi kwa kula kwa namna hiyo." Babu yako! Mwanangu akashtuka, hakujua kama ana babu.

Kwa hiyo nimekuamini. Nashukuru, na inaniuma kushukuru.

Lakini lipo swali, na mimi ni mkunga, nimezoea kuuliza maswali yasiyo na haya. Wewe ni Mpashto. Si mgeni aliyejifunza lugha yetu kwa kaseti. Hata mtoto wa kwetu wa miaka mitano anajua badraga ni nini. Ilikuwaje usijue? Na ulijua lini?

Torpekai


Peshawar, 27 Desemba 2021

Binti Torpekai,

Jibu la swali lako la kwanza ni la aibu, lakini ni fupi. Mimi ni mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa karani wa mahakama. Kwetu mgeni alisindikizwa hadi kituo cha basi na kuombwa arudishe mwavuli. Badraga nililijua vitabuni. Katika mashairi ya zamani badraga ni watu wenye panga wanaouzunguka msafara, na hakuna mshairi anayekuambia kwamba mwishowe wanageuka nyuma. Nilikuwa na shahada mbili za lugha na medali ya dhahabu, na sikuwahi kulala hata siku moja katika kijiji cha watu ambao lugha hiyo ni yao. Kanali alinitambulisha kwa Harlan kama "kamusi inayotembea." Kamusi ile ilikuwa imepungukiwa na ukurasa mmoja.

Jibu la swali la pili: nilijua miaka sita baadaye. Mwanafunzi mmoja kutoka milimani aliandika tasnifu juu ya desturi za ukarimu, nami nikawa msimamizi wake. Katika sura ya tatu aliieleza badraga kama nilivyokueleza. Nilimwita ofisini nikamuuliza, una hakika? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ana hakika maji yanalowesha. Siku hiyo niliomba ruhusa ya ugonjwa.

Ningeweza kusema wakati ule, lakini wafu walikuwa wameshakufa, na vita vilikuwa vikubwa kiasi kwamba bonde lenu halikuonekana tena ndani yake. Hayo ndiyo niliyojiambia.

Mpe Bibi Bakhtawara salamu zangu, kama anazipokea. Nimefurahi, kama nina ruhusa ya neno hilo, kwa ajili ya mjukuu na kofi la babu yake.

Siku za baada ya mashine kalamu hainitii. Niwie radhi kwa mwandiko.

Fazli Wadud


Quetta, 19 Januari 2022

Ustadh Wadud,

Nina mambo mawili ya kukuandikia, nami nitaanza na zuri.

Mama anakutumia msamaha wake. Alinikalisha chini akanitamkia maneno, mimi nikaandika, haya hapa: "Mwambie Ustadh kwamba ulimi hauna mfupa wa kuushikilia, na mimi mwenyewe nilikosea kusoma unga uliokuwa mikononi mwangu. Yeye alikosea neno la mtu asiyemjua. Mimi nilikosea mume wangu. Yeye alikosea asubuhi moja, mimi miaka ishirini. Namsamehe kosa lake, na Mungu anisamehe langu. Asife na kitu changu shingoni." Kisha akaongeza, "Na mwambie apake samli miguuni, wagonjwa wa figo hukauka."

Ameamua kwenda Spinkhwar theluji ikiyeyuka. Baba yupo pale, nje kidogo ya makaburi yetu, kwa sababu waliobaki walisema aliyewaletea watoto kifo asilale nao. Mama anataka ahamishiwe ndani, karibu na Nangyal na Esa, na ameonyesha mahali pake yeye mwenyewe, upande wa kulia. Hajawahi kuzungumza habari za kifo kwa uchangamfu namna hii. Anashona.

Sasa la pili. Barabara ya kule imefunguka, na wiki iliyopita binamu yangu Khayal alikuja. Ndiye aliyebaki mkubwa wa ukoo. Ilibidi nimwambie, kwa kuwa bila yeye baba hawezi kuhamishwa. Nilimsomea barua zako zote jikoni, mama akiwa kwa jirani. Alisikiliza akinywa chai, anapuliza, ana tabia ya kupuliza hata chai iliyopoa. Nilipofika kwenye mwanafunzi wa tasnifu, akaacha kupuliza.

"Miaka sita?" akasema. "Huyo mzee mwenye miwani?"

"Unamkumbuka?"

"Dada, mimi ndiye niliyewarudisha! Mimi na vijana wanane tuliokuwa nje; waliosikia ya ndani walikufa naye Jumatano. Baba yako alituambia tuwape badraga mpaka kijitoni, tukawapa. Tulipofika kwenye maji nikamwambia yule mwenye miwani, 'Haya, Ustadh, badraga yetu inaishia hapa. Kuanzia jiwe lile ninyi ni wa Mungu.' Akaniuliza, 'Inaishia?' Nikamwambia, 'Sasa ulitaka tukulaze kitandani kwako?' Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Alishuka garini akalitazama lile jiwe mpaka kanali akapiga honi."

Khayal si mwongo. Hana akili za kutosha za kuwa mwongo.

Kwa hiyo ulijua Jumapili ileile, kabla jua halijatua. Ulikuwa na Jumatatu nzima na Jumanne nzima.

Mama sijamwambia. Msamaha aliokupa ni wa kosa la ulimi, na ulimi wako haukuwa na kosa tena baada ya kijito. Nimefikiri sana. Sikuandikii ili nikupige. Wewe ni mgonjwa, na sauti yako kwenye karatasi, samahani kwa kusema, nimeizoea. Nakuandikia kwa sababu mama anakwenda kumhamisha baba kwa maneno yako, na sitaki asimame pale juu ya kitu nusu.

Kama hakuna zaidi ya hili, usiniandikie. Nitajua ulinyamaza kwa woga, kama wengi walivyonyamaza mwaka ule, nami nitaubeba mwenyewe, na mama atabaki na samli yake. Kama kuna zaidi, liandike sasa.

Torpekai


Peshawar, 2 Februari 2022

Mwanangu Torpekai,

Salamu zangu kwako, kwa Bibi Bakhtawara na kwa Khayal nazitanguliza hapa juu, kwa sababu kuna sehemu ya barua hii ambayo baada yake sitakuwa na haki ya kuziandika.

Umenipa mlango wa kutokea. Nimeutazama siku tano. Ningekaa kimya tu, na mama yako angenisamehe mpaka kaburini. Laiti angekuwa amenitukana, ningeweza kukaa na uongo wangu vizuri zaidi. Lakini ameniagiza nipake samli. Mtu aliyepoteza wanawe wawili ananiuliza habari za miguu yangu kwa sababu anadhani nilikosea. Niliipaka, ukitaka kujua. Mjukuu wangu wa kike alinunua. Inasaidia.

Khayal hakusema uongo. Mwanafunzi wa tasnifu nilimtunga. Sijawahi kuwa na mwanafunzi huyo. Nilijua kwenye jiwe. Nilishuka garini, nikalirudia neno kichwani kama alivyolisema baba yako, siku na saa na mahali, nikaona jinsi lilivyokaa sawasawa, na jinsi alivyonitazama mimi. Nikarudi garini. Kanali akauliza, "Umeona nini huko?" Nikajibu, "Hakuna, nilikuwa nanyoosha miguu tu."

Njiani nilikuwa nasema moyoni, nikifika nitamwambia Harlan. Tulipofika nyumba ya wageni ya mpakani, kanali alikuwa ameshaanza kunisifu kwa simu: profesa wetu alimwelewa yule mzee hadi anavyopumua. Nikasema nitamwambia kesho.

Usidhani niliogopa kufungwa. Ningependa kusema hivyo, woga una heshima yake. Hakuna aliyenitishia, hakuna aliyeninunua. Nilikuwa na miaka sitini na moja, nimefundisha lugha hiyo miaka thelathini na mitano, na ilibidi nisimame mbele ya watu na kusema kwamba kijana mwenye bunduki, asiyejua kuandika jina lake, alinifundisha neno la lugha yangu kando ya maji. Hicho tu ndicho kilichokuwa upande wa pili wa mizani, mwanangu. Upande huu walikuwa watu wa boma lenu. Nami nilihitaji mtu anifungulie kinywa. Nilijiambia: nikiulizwa, nitasema. Sitasema uongo nikiulizwa.

Hapa ndipo hesabu ya Khayal inapokomea, na ndipo palipo na hilo "zaidi" uliloniuliza. Mwambie mama yako lote au mwachie alilonalo, wewe ndiye mwenye kuamua. Msamaha wake naurudisha mikononi mwako mpaka hapo.

Jumatatu alasiri nilikuwa nimekaa barazani. Kanali alikuwa amekwenda kunyoa. Bwana Harlan akaja peke yake na daftari lake, akavuta kiti, akauliza kama ananisumbua. Alikuwa na haya, kama wanafunzi wanaokuja ofisini baada ya mtihani.

"Profesa," akasema, "nisamehe, mimi si mtaalamu. Lakini lile neno la jana, badraga. Chuoni nilisoma Kiajemi miaka miwili. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba badraga ni kumsindikiza mtu anayeondoka, kama unavyompeleka mgeni uwanja wa ndege. Nimelala nikilifikiria. Je, haiwezekani kwamba yule mzee alikuwa anatuambia atawatoa? Majina ya mabonde yanapelekwa leo saa kumi na mbili jioni. Ukiniambia kuna shaka, hata kidogo, naweza kuliondoa la kwake kwa wiki moja."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Nilivua miwani, nikaifuta kwa ncha ya shali, nikacheka kidogo, kile kicheko ninachowachekea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikamwambia:

"Bwana Harlan, hicho ni Kiajemi cha darasani. Kwa Kipashto neno hilo lina maana moja tu."

Fazli Wadud